Asili ya Kiarabu hailitakasi neno 'kaffir'

Wapo wanaoshikilia kuwa 'kaffir' la Kiingereza si tusi, ati kwa kuwa lilitoka Kiarabuni na hata sisi tunalo: kafiri. Hoja hiyo ni ya kweli nusunusu, na hapo ndipo inapopotosha.

Asili yenyewe haina ubishi. Mzizi wa Kiarabu k-f-r una maana ya kufunika. Katika Kurani, Sura ya Al-Hadid, aya ya 20, wafasiri wengi wanalieleza neno 'kuffar' kuwa wakulima, maana mkulima hufukia mbegu udongoni. Mtu anayeufunika ukweli wa imani naye akaitwa kafiri. Kiswahili kilichukua maana hiyo ya kidini. Neno letu laweza kuuma, naam, lakini halichagui rangi: hata Mzungu huitwa kafiri.

Wareno walilipata neno hili kwa Waislamu waliofanya biashara katika Bahari ya Hindi, wakatamka 'cafre'. Waholanzi na Waingereza wakalipokea. Safarini dini ikadondoka, rangi ikabaki. Katika karne ya 19, Waingereza waliwaita Waxhosa hivyo, na lugha yao pia. Baadaye, Mwafrika yeyote wa Afrika Kusini, hata aliyebatizwa, alitupiwa neno hilo ili ajue hana utu.

Mark Mathabane alipokiita kitabu chake cha 1986 'Kaffir Boy', hakukusudia mtoto asiye na dini. Mfasiri akiandika 'Mtoto Kafiri' atakuwa amemwondolea mkoloni lawama na kuitwika dini. Mwaka 2018, mahakama ya Afrika Kusini ilimhukumu kifungo mwanamke aliyewatusi polisi kwa neno hilo. Asili ya Kiarabu haikumfaa kitu.

Kule Sri Lanka, hata hivyo, wapo watu wa asili ya Kiafrika wanaojiita Kaffir bila kuona haya. Neno ni lile lile, ila matumizi yamelipa historia nyingine. Hapa kwetu, madoadoa yalikuwa ya ng'ombe na chui tu hadi wanasiasa walipowaita majirani hivyo. Nani leo atamwambia aliyefurushwa shambani mwake kwamba neno hilo halina ubaya kamusini?

Basi wafasiri na walimu, 'kaffir' liacheni lilivyo, kisha mwelezeni msomaji lilivyotumiwa na nani dhidi ya nani. Kulifanya 'kafiri' ni kosa la tafsiri.