Kulinda Namba Isiyo na Hasi: Njia ya QEMU

Mtu anapoandika num-queues=4 kwenye mstari wa amri wa QEMU, anaiambia diski ya kuigiza ya aina ya virtio-blk iwe na foleni nne za kupokea maombi. Ile 4 bado ni herufi tu. Kabla haijawa baiti mbili ndani ya kumbukumbu ya kifaa, inapita mikononi mwa sehemu kadhaa za msimbo, na yoyote kati ya hizo ingeweza kuipotosha bila mtu kujua. QEMU, programu ya kuiga mashine iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003, imegawa ulinzi wa namba hiyo kwa hatua, na kila hatua ina swali lake moja la kujibu. Huo ndio ubora wa usanifu wake, na yeyote anayeandika msimbo unaopokea namba kutoka nje atafaidika kuuchunguza.

Ulinzi unaanza kabla programu haijakimbia. Mwandishi wa kifaa hutangaza sifa kwa makro, kwa mfano DEFINE_PROP_UINT16, akitaja jina la sifa, muundo wa data wa kifaa, uga utakaohifadhi thamani, na thamani ya msingi. Zipo makro za biti 8, 16, 32 na 64. Ndani yake umefichwa ukaguzi wa aina: uga ukiwa wa biti 16 na makro ikawa ya biti 32, kompaila inakataa kuendelea. Bila ukaguzi huo, kuweka thamani kungeandika baiti nne mahali penye baiti mbili, na baiti mbili za ziada zingefuta uga wa jirani. Hitilafu ya namna hiyo hujitokeza mbali na ilikozaliwa, na kuitafuta kunakula siku nyingi.

Hatua ya pili ni kusoma thamani. Kazi (function) iitwayo visit_type_uint32 haisomi moja kwa moja kwenye biti 32. Kwanza inapokea thamani katika nafasi ya biti 64, kisha inailinganisha na kikomo, 4294967295. Ikizidi, mtumiaji anapata ujumbe wa kosa unaotaja jina la sifa, na kifaa hakiundwi. Ikitosha, ndipo inapohamishiwa kwenye uga mdogo. Mpangilio huo ndio kiini cha yote. Katika lugha ya C, ukiihamisha 4294967297 moja kwa moja kwenye biti 32 unapata 1, bila onyo lolote. Mtumiaji aliyekosea tarakimu angepewa mashine inayofanya kazi kwa namba ambayo hakuiomba. Pokea kwa upana, kagua, kisha punguza: atakayevuruga utaratibu huu amepoteza ushahidi wa kosa kabla ya kuutafuta.

Utaratibu huohuo unazinasa namba hasi. Thamani -1 ikisomwa kama namba ya biti 64 isiyo na hasi inakuwa 18446744073709551615, ambayo inavuka vikomo vya biti 8, 16 na 32, kwa hiyo inakataliwa. Kwa sifa za biti 64 zenyewe hakuna nafasi iliyobaki juu ya kikomo ya kufanyia ulinganisho, na hapo ndipo QEMU iliteseka kwa miaka mingi.

Zamani namba kamili zilizopita kati ya QEMU na programu zinazoiendesha kwa JSON zilihifadhiwa kama namba za biti 64 zenye alama, yaani zinazoweza kuwa hasi. Thamani iliyozidi 9223372036854775807 ilipotoka nje ilionekana kuwa hasi. Ilipoingia iligeuzwa kuwa desimali, aina ambayo haiwezi kushika kila namba kamili kwa usahihi ikishapita 9007199254740992. Mwaka 2017, kwa mfululizo wa mabadiliko ya Marc-André Lureau yaliyoingia katika toleo la 2.10, aina mbili za zamani zilibadilishwa na moja inayoitwa QNum, inayojua kama imebeba namba yenye alama, isiyo na alama, au desimali. Thamani za msingi za sifa nazo zikapata nafasi tofauti kwa namba zenye alama na zisizo na alama. Hata hivyo, programu zilizokuwa zimezoea kutuma namba hasi hazikuachwa: msomaji wa biti 64 bado anazikubali, na maelezo ndani ya msimbo yanasema wazi kwamba ni kwa ajili ya utangamano na zamani. Uamuzi huo ulikuwa wa haki kwa watumiaji, lakini mwandishi wa kifaa asidhani kwamba sifa ya biti 64 itamkinga na -1.

Hatua ya mwisho hukagua maana ya namba. Aina ya namba inajua upana tu. Haijui kwamba queue-size ya virtio-blk lazima iwe kipeo cha mbili na isizidi 1024, wala kwamba foleni sifuri hazina maana. Masharti hayo hukaguliwa kifaa kinapokamilishwa, katika hatua iitwayo realize. Baada ya hapo sifa za kawaida hazibadilishwi tena, hivyo kilichokaguliwa kinabaki kilivyo.

Kasoro ninayoiona ni desturi ya kutumia namba kubwa kuliko zote kumaanisha "chagua mwenyewe". Katika num-queues, 65535 inaiambia QEMU ipange idadi ya foleni kulingana na CPU za mashine. Jina VIRTIO_BLK_AUTO_NUM_QUEUES linamsaidia msomaji wa msimbo, lakini anayeandika amri na kutaka kuirudisha hali hiyo hana budi kuikumbuka 65535, kwa kuwa -1 itakataliwa. Anayebuni sifa mpya leo aipe hali ya kujichagulia neno lake, auachie upana wote wa namba kazi ya kuhesabu, na kila sharti la maana aliandike ndani ya realize pamoja na ujumbe wa kosa unaotaja thamani iliyokataliwa.