Boza Lilikuwa Tupu, au Mtaa?

Mpwa wangu alishuka Kitengela Agosti 2024 akitokea shule ya bweni upande wa Kajiado, begi mgongoni, na ndani ya begi karatasi ya mtihani wa majaribio, ule ambao wanafunzi wenyewe huuita moki. Kiingereza, karatasi ya pili, swali la kwanza: ufahamu. Alama 9 kwa 20. Chini ya karatasi hiyo kulikuwa na daftari nene la msamiati, maneno yamepangwa kwa alfabeti, kila neno na maana yake mbele.

"Mjomba, mimi shida yangu ni maneno magumu," akaniambia. "Nikimaliza hili daftari niko sawa."

Nilimwomba anipe karatasi kwanza. Daftari tungelirudia baadaye.

Ni jambo ninalolifanya na mtoto yeyote anayeletwa kwangu kwa ajili ya Kiingereza: naziacha alama alizopata, nazihesabu zile alizokosa, moja moja, na kando ya kila moja naandika kisa chake. Alama 11 zilizopotea ziligawanyika hivi: 4 kwa kutojua nani alifanya nini, 3 kwenye swali la kuandika hoja kwa ufupi, 2 kwa kujibu mambo ambayo hayamo kifunguni, na 2, mbili tu, kwa maneno magumu. Yaani angelikariri daftari lote, likamkaa kichwani kama jina lake, angepata 11. Bado angefeli kwa kiwango alichojiwekea.

Kiwango chenyewe kilikuwa B. Anataka kusomea sheria, na kozi ya sheria katika vyuo vikuu vya Kenya haitosheki na ile C+ ya wastani inayomfungulia mtu mlango wa shahada. Inadai pia B ya Kiingereza au Kiswahili. Ile "au" ni ya kweli, na Kiswahili chake si kibaya. Tena tangu matokeo ya 2023 ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, wastani wenyewe hukokotolewa kwa Hisabati, lugha moja, na masomo mengine 5 ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Angeweza kuegemea Kiswahili peke yake. Lakini nani anataka kuingia mtihani wa Novemba akisimama kwa mguu mmoja?

Kuna hesabu nyingine iliyonifanya niweke nguvu hapa. Karatasi ya pili ya Kiingereza ni ya saa mbili na nusu na ina alama 80. Ufahamu ni 20. Dondoo la kitabu teule ni 25. Shairi au hadithi simulizi ni 20. Sarufi ni 15. Ukizitazama vizuri, alama 65 kati ya 80 zinatoka mahali pamoja: mtu amewekewa maandishi mbele yake, anaambiwa asome na ajibu. Anayejifunza kusoma swali la kwanza anajifunza pia la pili na la tatu. Karatasi ya Kiswahili hupanga mambo tofauti kidogo, maana huko ufahamu una alama zake 15 na muhtasari 15 zake, kila mmoja na kifungu chake. Kwenye Kiingereza muhtasari umefichwa ndani ya ufahamu, swali moja katikati ya mengine, na wengi hulipita bila kutambua kwamba linataka uandishi wa namna nyingine.

Nikaanza na zile alama 4. Nilimtungia sentensi mbili za Kiingereza kuhusu jambo analolijua kila mkazi wa Kitengela, maji ya kununua:

"The tanker reached the estate at noon. By evening it was empty, and so was the promise that had brought it there."

Nikamuuliza: ni nini kilikuwa kitupu kufikia jioni? Akajibu bila kusita, mtaa. Watu walikuwa wameondoka, akasema. Nikamuuliza ameona wapi watu wakiondoka. Akanyamaza, akarudi kwenye sentensi, macho yakaenda na kurudi.

"Sema kwa Kiswahili," nikamwambia. "Lakini usinitafsirie yote. Niambie tu kile kitenzi."

"Ulikuwa mtupu... lilikuwa tupu." Akacheka. Alikuwa ameshaona.

Hapo ndipo mbinu nzima ilipozaliwa, na sikuwa nimeipanga. Kiingereza kina kijineno kimoja, "it", kinachobeba boza, mtaa, ahadi, kisima, ugonjwa na ukuta bila kubagua. Kiswahili hakikubali uvivu huo. Boza ni *li-*, mtaa ni *u-*, ahadi ni *i-*, kisima ni *ki-*. Huwezi kufungua mdomo useme kimekuwa au limekuwa kabla hujaamua unazungumzia kitu gani. Mwanafunzi anaweza kupita juu ya "it" kumi katika kifungu akidhani anaelewa, kwa sababu Kiingereza hakimsimamishi popote. Ngeli inamsimamisha. Asipojua aweke kiambishi gani, amejijulia mwenyewe kwamba hajaelewa, wala hahitaji mwalimu wa kumwambia.

Tazama mwisho wa ile sentensi ya pili. Ahadi iliyolileta. Neno moja, *iliyolileta*, na ndani yake mna ahadi na boza, kila moja na alama yake, hakuna kugombana. Kiingereza kimetumia maneno manne kusema jambo hilo na bado kikamwachia msomaji kazi ya kukisia. Miaka mingi tumekuwa tukiwaambia watoto waache Kiswahili nje ya mlango wanapoingia darasa la Kiingereza. Mimi mwenyewe nilishavalishwa kile kibao shingoni kwa kosa la kuongea lugha ya nyumbani. Kumbe tulikuwa tunawanyang'anya chombo.

Basi tukafanya hivi. Kifungu kimoja, siku tatu. Siku ya kwanza anasoma bila maswali; maswali nimeyakunja nyuma. Kila anapokuta "it", "they", "this", "which" au "that" inayorejelea kitu, anachukua penseli na kuandika juu yake kiambishi tu: *li*, *ki*, *zi*, *wa*. Siku ya pili anajibu maswali, saa mbele yake. Siku ya tatu namletea majibu yangu, mengine sahihi na mengine nimeyaharibu kwa makusudi, yeye ndiye mtahini. Siku hiyo ya tatu aliipenda kuliko zote. Kuna raha fulani ya kumchorea mjomba X nyekundu.

Vifungu tulivitoa kwenye tahariri za magazeti na kwenye karatasi za miaka iliyopita ambazo kila duka la fotokopi mjini huwa nazo. Wiki ya kwanza nilikosea. Nilimwacha atafsiri aya nzima, tukatumia saa moja na dakika kumi kwa kifungu kimoja, naye akatoka akiwa amechoka na tafsiri mbovu mkononi. Ukigawa dakika 150 kwa alama 80, ufahamu unastahili dakika 37 na nusu, kusoma na kujibu pamoja. Hakuna nafasi ya tafsiri. Kiambishi kinatosha, ni herufi mbili tatu za penseli, na baada ya vifungu vinne hivi alianza kuona viambishi bila kuviandika.

Neno "they" lilitupa mavuno kuliko nilivyotarajia. Kwa Kiingereza shule na wauzaji wote ni "they". Kwa Kiswahili shule ni *zi-* na wauzaji ni *wa-*, kwa hiyo sentensi inayosema wauzaji walishtaki shule kwa kuwa "they" zilichelewa kulipa haina utata hata chembe mara tu unapoamua.

Lakini chombo hiki kina upande wa pili unaokata mkono. Kinasaidia kwa vitu. Kwa watu kinapotosha. Nilimpa hii:

"The chief sent for the widow only after he had sold the plot. She heard of it from a neighbour."

Nani aliuza ploti? Akaandika: mjane. Nilipomuuliza amelipataje jibu hilo, alinisomea Kiswahili kilichokuwa kikipita kichwani mwake: chifu alimwita mjane alipokuwa ameshauza ploti, alisikia kwa jirani. Sikiliza hiyo. Ameshauza nani? Alisikia nani? *A-* yetu haijali mwanamume wala mwanamke. Kiingereza kilikuwa kimempa jibu bure, kimeandika "he" na "she" waziwazi, naye akaitupa ile taarifa wakati wa kuvuka kuingia Kiswahili. Watu wengi wa huku wanaposema Kiingereza huchanganya "he" na "she", nasi hucheka na kuendelea. Kwenye karatasi ya mtihani kosa hilohilo hufanyika kimyakimya, machoni, na hakuna anayelisikia akamrekebisha.

Kwa hiyo kanuni ikawa na vipande viwili: kwa kitu, andika ngeli, kwa mtu, andika jina. Juu ya "he" aandike *chifu*. Juu ya "she" aandike *mjane*. Baba yake mpwa wangu ni Mmaasai, na mtoto mwenyewe Kimaa anakisikia vizuri. Akanikumbusha kwamba huko hata vitu vina jinsia, ya kiume na ya kike: jina Kajiado lenyewe linatokana na Olkejuado, mto mrefu, na ile *ol-* ya mwanzo ni ya kiume. "Mto ni mwanaume, Mjomba, halafu Kiswahili kinaninyima hata he ya chifu." Sikuwa na jibu.

Zile alama 2 za kujibu mambo yasiyomo kifunguni zinaweza kuonekana chache, ila ndizo zilizonishughulisha zaidi, kwa sababu zilitokana na kujua sana. Kifungu cha moki kilihusu ufugaji na ukame. Swali liliuliza kwa nini, kulingana na kifungu, wafugaji walikataa kuuza ng'ombe mapema. Mpwa wangu aliandika kwamba bei ilikuwa duni na mawakala walikuwa wakiwapunja. Ni kweli tupu. Babu yake ana mifugo upande wa Bissil, penye soko kubwa la ng'ombe, na ukame uliofikia kilele 2022 mpwa wangu aliuona kwa macho, mizoga kando ya barabara. Lakini mwandishi wa kifungu alikuwa amesema sababu nyingine: kundi kubwa ni akiba, ukiuza nusu ukame ukapita utaanzia wapi. Jibu la kweli, alama sufuri.

Mtoto wa Kajiado yuko hatarini zaidi kifungu kinapomhusu. Riwaya ya Henry ole Kulet, Blossoms of the Savannah, iliyopata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 2009, ilipokuwa kitabu teule, niliwasikia vijana wa huku wakieleza yanayompata mhusika wake Resian kwa mambo waliyoyaona vijijini kwao, ambayo Kulet hakuyaandika. Dawa niliyompa mpwa wangu ni ya kimakanika na haina ustadi wowote: kabla hujaandika jibu, weka kidole kwenye mstari ulikolitoa. Kidole kikikosa pa kutua, jibu hilo ni lako, si la kifungu. Hata kwa swali la maana iliyodokezwa, linalotaka msimamo wa mwandishi au kejeli yake, lazima kidole kiwe na neno la kukalia.

Swali la hoja kwa ufupi tulilimaliza jioni moja. Alikuwa akiandika sentensi kamili, ndefu, nyingine amezinakili zilivyo. Nikamwonyesha ujumbe aliotumiwa na mama yake mchana huo: sukuma 20, nyanya 50, unga pakiti 2. Hakuna "tafadhali naomba uninunulie." Hivyo ndivyo hoja fupi huandikwa.

Na daftari la msamiati? Tulilifungua wiki ya mwisho, kwa sharti kwamba kila maana atakayoandika ilingane na umbo la neno lililoulizwa. Kitenzi cha wakati uliopita kijibiwe kwa kitenzi cha wakati uliopita. Ukichukua jibu ukaliweka kwenye sentensi mahali pa neno la awali na sentensi ikatembea, umepata. Ikichechemea, jaribu tena.

Siku mbili kabla ya kurudi shuleni nilimpa karatasi ambayo hakuwahi kuiona, dakika 37, mlango umefungwa. Akapata 15. Hoja fupi zote zilikuwa sawa, chifu na mjane wa kifungu hicho walikuwa mahali pao. Nikatafuta zile 5 zilikokwenda na nikakuta 2 kati yake zimeliwa na sentensi moja, iliyosema kaunti ilichimba kisima kabla ya kupima maji, "and it cost the residents dearly." Swali: ni nini kiliwagharimu wakazi? Juu ya "it" alikuwa ameandika kwa penseli, kwa mkono usio na shaka, *ki*. Kisima.

"Ngeli imekubali," akajitetea. "Kisima kiliwagharimu. Sentensi inatembea."

Inatembea, kweli. Ila kilichowagharimu ni kule kuchimba kabla ya kupima, tendo zima, na tendo zima halina nomino pale juu ya kuwekewa kidole. Nikamwambia hapo angeandika *ku*. Aliniangalia, akachukua kifutio, akafuta *ki*, akaandika *ku*, kisha akarudi mwanzo wa kifungu na kuanza kukagua viambishi vyote upya.