Mkono Uliofundwa

Mlima Hanang una kimo cha zaidi ya mita 3,400, na watu wa mji wa Katesh wamelima na kuchunga chini yake kwa vizazi. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, mvua kubwa ikiwa imenyesha, sehemu ya mlima ilimeguka. Wataalamu wa serikali walieleza baadaye kwamba miamba dhaifu ilinyonya maji hadi ikashindwa kujishikilia, ikageuka tope. Tope hilo lilifuata mkondo likizoa mawe na magogo, likapita maeneo ya Jorodom na Gendabi, likaingia Katesh mjini. Watu 89 walikufa.

Wanajeshi wa JWTZ walifika, Zimamoto na Uokoaji walifika, polisi walifika, na vijana wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu nao walifika. Sifa wanazopewa ni haki yao. Lakini barabara zilikuwa zimefungwa na tope, na hakuna kikosi kinacholala Jorodom. Saa za kwanza za janga lolote ni za jirani mwenye jembe na koleo. Ndiyo maana nataka kuusifu uokoaji kwa jambo ambalo halisemwi sana: uokoaji ni ufundi. Huruma humtoa mtu nyumbani mbio. Akishafika kwenye kifusi, kinachohitajika ni mkono uliofundwa.

Ufundi wenyewe huanza na masikio. Panapotokea maafa watu hulia, huitana, kila mmoja hutoa amri yake. Mwokoaji anayeijua kazi huomba kimya, mashine zizimwe, kila mtu asimame alipo, ili sauti ya aliye chini isikike. Jengo lilipoporomoka Kariakoo mwezi Novemba 2024, waokoaji walizungumza na watu waliokuwa wamenaswa na kuwapitishia maji na hewa kabla ya kuwafikia. Kisha hufuata maswali. Nani alilala humu? Walikuwa wangapi? Watoto hulala upande gani? Hapo mama jirani ana thamani kuliko kijiko cha kuchimbia, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kwamba usiku ule bibi alikuwa na wajukuu wawili wageni.

Halafu huja sehemu ngumu kuliko zote, nayo ni kujizuia. Mtu aliyezama topeni hadi kiunoni anapolia, kila mwenye moyo hutaka kumshika mkono amvute. Tope hung'ang'ania, na anayevutwa kwa nguvu anaweza kutenguka bega au kuumizwa zaidi. Fundi hutandika mbao au milango iliyong'oka ili asizame yeye pia, humchimbua majeruhi taratibu kuzunguka mwili, humsafisha kinywa na pua apumue, na humfunika nguo kavu, kwa sababu baridi ya huku juu huua hata aliyekwisha kutolewa. Anayehofiwa kuumia uti wa mgongo habebwi mgongoni. Hulazwa kwenye machela, au kwenye ubao palipokosekana machela. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Mwokoaji hana budi kuwa na haraka; pupa ndiyo anayoikataa.

Ufundi huo hauishii kwa walio hai. Maiti huoshwa tope la usoni ili ndugu amtambue wake, huandikwa alipopatikana, hufunikwa, habebwi kama gogo. Atakayeambiwa habari za msiba huketishwa kwanza. Anayeyatenda hayo siku nzima bila kupaza sauti amefanya kazi kubwa sawa na ya aliyetoa mtu hai.

Je, mkono hufundwaje? Jibu limekwisha kupatikana ng'ambo ya pili ya mkoa huu huu wa Manyara. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanza mwaka 1955 wilayani Mbulu, huokoa watu ambao tope halijawagusa: watoto wanaozaliwa bila kupumua. Mtoto kama huyo anapaswa kuanza kusaidiwa avute pumzi ndani ya dakika moja. Wakunga walifundishwa kwa siku moja wakitumia mwanasesere. Wakafaulu vizuri mbele ya mwanasesere, lakini utafiti ukaonyesha kuwa katika chumba cha kujifungulia mambo hayakubadilika. Ndipo yakaanza mazoezi mafupi, ya mara kwa mara, hapo hapo kazini. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Somo ni lile lile. Hofu ikipanda, kichwa husahau kilichofundishwa. Mkono uliozoea hausahau.

Taifa nalo limewahi kukiri hivyo. Ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, wavuvi ndio waliotangulia kufika, akiwemo kijana Majaliwa Jackson. Watu 24 walinusurika. Baadaye ikaagizwa kijana huyo aingizwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji apate mafunzo. Ushujaa alikuwa nao tayari. Kilichobaki kilikuwa ufundi.

Kujitolea katika kazi hii hakulipi. Anayekwenda kwenye mazoezi ya huduma ya kwanza ameacha palizi ya vitunguu saumu kule Mbulu, au ng'ombe bila mchungaji kule Basotu, akajifunze jambo analoomba lisimfikie kamwe. Huo ndio ukarimu ninaouheshimu kuliko kishindo cha siku ya maafa, ambapo hata mvivu hukimbia na wenzake.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Kamati iliyo kwenye karatasi tu haimchimbui mtu. Viongozi wa vijiji vya Hanang na Mbulu, tengeni nusu saa katika kila mkutano wa kijiji, watu wafunge bendeji, wabebe machela, wajue nani ana koleo na nani ana pikipiki, na kila mtoto aikariri namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Mvua kubwa zitakuja tena, na mlima haujahama.