Nchi za Upanga na Uchawi: Uovu Hukaa Wapi?

Uko mchezo mmoja uliotoka Marekani, ambao sasa umewafikia hata vijana wetu wasomao mijini, nao warudipo likizo hutuuliza kama ni mwema au ni mbaya. Mchezo wenyewe hauna uwanja wala mpira. Watu wanne au watano huketi kuizunguka meza. Mmoja wao ndiye msimulizi: hueleza nchi ilivyo, mji na msitu, mfalme na askari zake, na hatari iliyo mlangoni. Kila mmoja wa wale wengine hujitwalia mtu mmoja wa hadithi, askari au mwizi au mganga, akasema, "Mimi nafanya hivi." Jambo likiwa na shaka, hutupwa dadu, nayo huamua. Kwa hiyo mwisho wa hadithi haujulikani hata kwa yule anayeisimulia.

Katika makala hii hatukusudii kuuhukumu mchezo wenyewe. Sisi tuliozoea kuitikia hadithi motoni hatuna haki ya kuwashangaa watu wanaoitikia hadithi mezani. Twataka kupima jambo moja tu, yaani zile nchi za kubuniwa ambamo hadithi hizo hutendeka, na hasa zile ziitwazo nchi za upanga na uchawi. Maana nchi ya hadithi ni kama shamba: kabla mtu hajapanda neno humo, udongo umekwisha kuamua nini kitaota.

Asili ya nchi hizo yajulikana. Mwezi wa Desemba 1932, Robert E. Howard, mtu wa Texas, alitoa katika gazeti la Weird Tales hadithi ya kwanza ya shujaa wake Conan, mtu wa porini mwenye upanga, apitaye katika falme za kale ambazo hazikuwako kamwe. Jina lenyewe la upanga na uchawi lilitolewa mwaka 1961 na mwandishi Fritz Leiber. Kisha mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo wa Dungeons & Dragons, ambao ulichota sana katika kisima hicho.

Alama za nchi hizo ni rahisi kuzitambua. Shujaa si mtakatifu wala mwana wa mfalme, bali ni mtu mmoja atafutaye riziki yake kwa nguvu za mkono. Uchawi ni nguvu ya siri na ya hatari, na mara nyingi mwenye nguvu hiyo ndiye adui. Wakuu wa miji hawaaminiki. Mtu akifika salama asubuhi na fedha kidogo mfukoni, hayo ni mafanikio.

Asidhani msomaji ya kuwa mambo hayo ni mageni kwetu. Watu wa pwani wanaye Fumo Liyongo, ambaye habari zake Muhammad Kijumwa aliziandika kwa utenzi mwaka 1913. Liyongo hakuweza kudhuriwa na silaha yo yote. Kilichoweza kumwua ni sindano ya shaba peke yake, tena kwa kuchomwa kitovuni. Hayo ndiyo maajabu. Lakini tazameni uovu wa hadithi ile unakaa wapi. Haukai katika kabila la watu fulani, wala katika sura yao. Unakaa katika wivu wa sultani aliyeogopa kunyang'anywa kiti, na katika tamaa ya kijana aliyekubali kumchoma baba yake mwenyewe. Kila msikilizaji amjua sultani wa namna hiyo, na kila mzazi amwogopa mwana wa namna hiyo.

Basi hicho ndicho kipimo chetu. Tukiambiwa habari za nchi ya upanga na uchawi, swali la kwanza tunalouliza si kama ina majitu mengi au ramani nzuri. Twauliza: katika nchi hii, uovu hukaa wapi? Je, hukaa katika matendo, au katika mwili aliozaliwa nao mtu?

Kwa kipimo hicho nchi nyingi za mchezo zimeshindwa tangu mwanzo. Howard alikuwa fundi mkubwa wa hadithi, lakini watu weusi katika falme zake mara nyingi ni giza tu la kutishia wengine. Dungeons & Dragons nayo kwa miaka mingi ilikuwa na kanuni zilizoandika tabia ya jamii nzima kama vile mtu aandikavyo urefu na uzito. Maorki walikuwa waovu kwa sababu ni maorki. Ilikuwapo na jamii moja ikaayo chini ya ardhi, yenye ngozi nyeusi, nayo iliandikwa kuwa mbaya. Mchezaji akikutana nao hakuhitaji kuuliza neno, alichomoa upanga. Mwaka 2020 wenye mchezo huo walisema hadharani kwamba mambo hayo yatengenezwe, na katika kitabu cha kanuni cha mwaka 2024 neno lililokuwa na maana ya mbari liliondolewa, likawekwa neno jingine. Twasifu jambo hilo, lakini kubadili neno ni kupaka chokaa ukuta. Msingi hutengenezwa na msimulizi aketiye mezani.

Mtu aliyetaka kuijibu kasoro ya Howard kwa kazi, wala si kwa malalamiko, alikuwa Charles R. Saunders, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1946, akahamia Kanada mwaka 1969, akafa huko mwaka 2020. Mwaka 1981 kilitoka kitabu chake cha Imaro. Nchi yake ya kubuniwa, iliyo kama bara zima la Afrika, aliita kwa neno la Kiswahili, Nyumbani. Wapiga chapa walimharibia mwanzo wake, kwa kuwa waliandika juu ya jalada kwamba huyu ni Tarzan mweusi. Warithi wa mwandishi wa Tarzan wakalalamika, na kitabu kikacheleweshwa. Walakini kazi yenyewe ni ya maana. Imaro amelelewa kwa watu wa mama yake, wachungaji wa ng'ombe walio mfano wa Wamasai, nao wanamdharau kwa sababu baba yake si wao. Yaani shujaa mwenyewe ni mtu anayehukumiwa kwa kuzaliwa kwake, na kila pigo la upanga wake ni jibu kwa hukumu hiyo.

Sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tuandike. Katika kitabu kile cha 1981 mlikuwa na hadithi moja ya wafalme warefu kama majitu na watumwa wao. Mwaka 1994 yakatokea mauaji ya Rwanda. Kitabu kilipopigwa chapa upya mwaka 2006, Saunders mwenyewe aliiondoa hadithi ile, akaweka nyingine mahali pake, kwa sababu aliona ya kuwa inafanana mno na mambo yale ya kweli. Hakulazimishwa na mahakama. Alitazama nchi aliyoibuni, akaona kwamba mlikuwa na kona moja ambamo urefu wa mtu ulikuwa umefanywa ushuhuda juu yake.

Msomaji wa London au Chicago aweza kulisoma jambo hilo kama habari ndogo ya wapiga chapa. Sisi wa Kasanda, na wa Kibondo na Kasulu yote, hatuwezi. Buha ilikuwa nchi ya abami: Heru, Muhambwe, Buyungu na nyinginezo, na watawala wenye ng'ombe walikuwa Watutsi katikati ya Waha walimaji. Mazungumzo ya nani mrefu na nani mfupi si mageni katika milima hii. Mwaka 1972 watu wa Burundi walivuka mpaka wakikimbia kuuawa. Walivuka tena mwaka 1993, baada ya Rais Ndadaye kuuawa. Mwaka 1996 ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu kwa watu wa Kongo, na mwaka 2015 Warundi wakaja tena, wengi wakapelekwa Nduta. Wengi wetu tumewauzia mihogo, au tumewafundisha watoto wao. Tunajua kwamba katika Rwanda watu waliitwa mende kwanza, ndipo wakauawa. Na chombo kilichotumika sana kilikuwa panga, hili hili la kukatia migomba. Tofauti kati ya upanga wa hadithi na panga la kweli si kubwa kama wengine wanavyodhani.

Na uchawi je? Huko mbali uchawi mezani ni hesabu ya dadu. Kwetu ni neno linaloweza kuchoma nyumba. Katika mkoa wetu wa Kigoma vikundi viitwavyo Kamchape vimepita vijijini mara nyingi vikidai kuwafichua wachawi, na nyuma yao vimeacha nyumba zilizobomolewa na wazee wasio na pa kulala, ingawa sheria ya uchawi, iliyowekwa tangu mwaka 1928, inakataza kumwita mtu mchawi ovyo. Katika mikoa ya jirani vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Na baada ya mauaji ya watu wenye ualbino ya miaka ya 2007 na 2008, watoto wengi walipelekwa kukaa katika shule ya Kabanga, Kasulu, wapate kulindwa na watu waliowatazama ngozi wakaona dawa. Katika mambo hayo yote kosa ni lile lile: alama ya mwili imefanywa ushahidi wa siri iliyomo moyoni.

Wako watakaosema, "Huo ni mchezo tu." Ni kweli, wala hatusemi ya kuwa dadu imemwua mtu. Lakini mchezo ni mazoezi. Mchezaji hufanya uamuzi mmoja mara kumi kwa jioni moja: nani naweza kumpiga bila kuuliza? Akizoea kujibu kwa kutazama ngozi na kimo, amejizoeza vibaya. Akilazimishwa na nchi ya hadithi kuuliza kwanza, "Huyu amefanya nini?", amejizoeza vema.

Wengine watasema ya kwamba Mkristo na aache kabisa hadithi zenye uchawi ndani. Twaheshimu neno hilo, lakini kitabu cha kwanza cha Samweli chasimulia habari za mwanamke wa Endori bila kutufundisha kazi yake. Tena kitabu kile kile chatuambia kuwa Goliathi alikuwa mrefu, na Sauli naye alikuwa mrefu kuliko watu wote. Urefu haukumhukumu mmoja wala kumwokoa mwingine. Hatari ya vijiji vyetu si kwamba vijana watajifunza ulozi mezani. Hatari ni watu wazima kuamini kwamba mlozi hujulikana kwa macho yake.

Je, zipo nchi za mchezo zilizojengwa vizuri? Zipo. Mwaka 2002 Christopher Dolunt alitoa Nyambe, nchi ya mfano wa Afrika iliyopewa jina ambalo Walozi wa Zambia humwita Mungu. Nia yake ilikuwa njema, ingawa iliwekwa juu ya kanuni za zamani za Dungeons & Dragons, nayo huchanganya mambo ya mbali na mbali kama sokoni. Lililo bora kwa kipimo chetu ni Spears of the Dawn la Kevin Crawford, la mwaka 2012, lenye falme zilizofananishwa na zile za Afrika ya magharibi. Humo maadui wakubwa ni watu waliokataa kufa kama wanadamu wengine, nao hudumu kwa kula nyama ya watu. Hawakuzaliwa hivyo; walijifanya. Mchezaji awapigapo anapiga uchaguzi wao, si mama zao.

Kwa hiyo kijana wa Buha atakaye kubuni nchi yake mwenyewe tungemshauri hivi. Aweke mto kama Malagarasi, mahali pa kuvukia na mwenye mtumbwi asiyeaminika. Aweke mwami na ngoma zake, na mhunzi ayeyushaye chuma, ili kila upanga uwe na mtu aliyeufua na aliyeulipia. Mchawi naye awemo, lakini ajulikane kwa alilotenda, wala asiwe na alama usoni. Awape warefu waovu wao na wema wao, na wafupi vivyo hivyo. Na mchezaji akimwuliza, "Yule aliyesimama mlangoni ni mwema au ni mbaya?", msimulizi amjibu, "Bado hajatenda neno. Mkaribishe kwanza."