Siku za Makande

Kigoda, kalamu ya risasi na kaunta buku: hivyo tu ndivyo vilivyokuwa vifaa vya Mwalimu. Alikaa pembeni mwa darasa la elimu maalumu, Tanga, akimtazama mvulana asiyesema, anayejing'ata mkono mpaka damu. Wengine tulikwisha kuhukumu. Mkorofi, amedekezwa, ana mashetani. Mwalimu, aliyesomea Chuo cha Ualimu Patandi, aliandika saa.

Kila ukurasa aliugawa safu tatu: kilichotangulia, tendo, kilichofuata. Mwanasaikolojia Sidney Bijou na wenzake waliueleza utaratibu huo Marekani mwaka 1968, lakini mkononi mwake safu zile zilijaa maisha: nani alikuwa karibu, nani kafagia, jua liliingia dirisha gani. Wiki ya pili akanifungulia daftari. Jumanne. Alhamisi. Jumanne tena. Kengele ya kurudi darasani ikilia, mkono uko mdomoni. Nikasema hataki masomo.

"Mwanangu, Jumanne wanakula nini?"

Makande. Siku za uji mkono ulisalimika. Akahamisha kigoda hadi jikoni, akamtazama anavyotafuna: upande mmoja tu, kichwa kimelala begani. Jino la nyuma lilikuwa limeoza. Lilipong'olewa, mkono ukapona. Nami nikakumbuka fimbo alizochapwa kwa sababu ya jino lile, na kwamba nilikuwapo.

Si kila anayejing'ata anaumwa jino. Yuko anayeikimbia kazi iliyomshinda. Watafiti Carr na Durand walionyesha mwaka 1985 kwamba mtoto wa namna hiyo akifundishwa kuomba msaada, fujo hupungua. Tendo ni lilelile, chanzo kingine kabisa, na hakuna njia ya kukijua ila kukaa na mtoto.

Siku hizi naletewa tathmini za watoto kama hao, za ukurasa mmoja. Alama ya vema kwenye "hasira", nyingine kwenye "ukaidi", sahihi, muhuri. Aliyejaza hajawahi kumwona mtoto akila. Chini yake pendekezo: apewe dawa ya kumtuliza, mlango ufungwe kwa nje. Nalisoma pendekezo hilo nikitafuta mahali palipoandikwa saa, siku, chakula. Hapapo. Mtu anafungiwa miaka kwa kazi ya dakika ishirini.

Mwalimu amestaafu, na kaunta buku zake hakuna aliyeziomba. Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimu. Kabla hajaitikia vizuri shikamoo yangu, akauliza kama yule mvulana sasa anatafunia pande zote mbili.