Spika za Nyuma

Seti ya spika niliinunua mkononi kwa mtu, mjini Mwanza: sabufa moja, spika ndogo tano, rimoti isiyo na betri. Nikapanda nayo daladala hadi Usagara nikiwa nimeipakata kama mtoto. Chumba changu hakiko mbali na njia panda, pale barabara ya Kigongo inapoachana na ile ya Shinyanga. Kompyuta yangu ni ya mezani, ya mtumba, ila nyuma ina matundu matatu ya sauti: la kijani, jeusi na la rangi ya chungwa.

Kanuni yake ni rahisi. Kijani ni spika mbili za mbele. Jeusi ni mbili za nyuma. Chungwa hubeba vitu viwili, spika ya katikati na sabufa. Ile ya katikati ndiyo mdomo wa filamu, maana mazungumzo mengi hupitia hapo. Mimi nilibadilisha jeusi na chungwa bila kujua. Nikaweka filamu ya vita ya Kimarekani. Askari akafungua mdomo mbele yangu, sauti yake ikatokea nyuma ya bega langu la kushoto. Niligeuka kweli, kama mtu aliyeitwa.

Nilipozirudisha waya mahali pake, nikaweka filamu iliyonifanya ninunue spika: Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya mwaka 2004. Wengi wa rika langu hapa tumeisikia ikisemwa kuliko tulivyoiona. Inahusu sangara, samaki aliyepandikizwa Ziwa Victoria katikati ya karne iliyopita, minofu inayopelekwa Ulaya kwa ndege, na watu wanaobakiwa na mapanki, yaani vichwa na mifupa. Iliteuliwa kuwania Oscar mwaka 2006, na mwaka huohuo Rais Kikwete akaishutumu hadharani. Tangu hapo tunaulizana swali moja tu: ni kweli au ni uongo? Mimi nilitaka kuisikiliza.

Spika za nyuma zilikaa kimya. Nikadhani nimekosea tena. Hapana: faili langu lina njia mbili tu za sauti, kushoto na kulia, kwa hiyo kompyuta haikuwa na cha kupeleka nyuma. Kwenye mipangilio, hata hivyo, unaweza kuiamuru ijaze spika zote. Nikaiamuru. Ndege za Ilyushin zikanguruma pande zote nne, nikahisi nimesimama uwanjani. Raha hiyo ilidumu dakika chache. Kilichokuwa kinatoka nyuma ni nakala ya kilichotoka mbele. Hupati jambo jipya. Unazidiwa nguvu tu.

Filamu yenyewe, kwa sehemu kubwa, inafanya hivyohivyo. Swali lake kuu ni kama ndege zinazokuja kuchukua minofu huleta silaha. Watu wanaulizwa, wengine wanakwepa, na rubani mmoja anakiri kuwahi kupeleka shehena ya vita Angola. Hapa Mwanza hatuonyeshwi hata sanduku moja la silaha likishushwa. Ila ndege zinarudi tena na tena, zimezungukwa na picha za watoto wa mitaani na ugonjwa, nasi tunaamini kwa masikio kabla ya kupewa ushahidi. Inawezekana tunaamini jambo la kweli. Lakini kujaza si kuthibitisha.

Filamu hii inanishinda pale inapopunguza. Mlinzi wa usiku, mwenye upinde na mishale ya sumu, anaongea taratibu gizani: vita ingekuwa nafuu kwake, maana askari hulipwa. Spika mbili zinatosha. Eliza anaimba wimbo wa kuipenda Tanzania akiwa na marubani wanaomfanyia mzaha. Baadaye tunaambiwa ameuawa. Sauti yake ile nyembamba imeishitaki biashara nzima kuliko ngurumo zote za ndege. Waliosema filamu hii ni matusi tu kwa nchi hawakumsikia Eliza.

Mlango ukagongwa.

"Mwanangu, hiyo ndege inatua kwangu?"

"Samahani, Mama. Ni filamu."

Mama mwenye nyumba aliwahi kufanya kazi ya kukata minofu kiwandani. Akaketi kitandani, tukaendelea pamoja. Tulipofika kwenye mapanki yaliyoanikwa, wanawake wakikanyaga tope lenye funza, alinyamaza kwa muda.

"Ni kweli," akasema. "Mapanki tumeyala sana, na harufu ilikuwa hiyohiyo unayoifikiria. Lakini kazini sisi tulikuwa tunapiga stori kutwa nzima, tunachekana. Hawa mbona wanajibu tu?"

Nimesoma uhakiki kadhaa wa filamu hii, wa kuisifu na wa kuiponda. Wote unabishana na majibu. Sikukumbuka hata mmoja uliouliza swali la Mama: kwa nini watu wa Mwanza, katika filamu kuhusu Mwanza, mara nyingi wanazungumza na mwenye kamera na mara chache sana wao kwa wao? Njia hiyo ya sauti haikurekodiwa, na hakuna mpangilio wa kompyuta utakaoirudisha.

Nikasimamisha filamu, nikaondoa ule ujazo. Nje malori yalikuwa yakikata kona kuelekea Kigongo. Mama alikuwa ameshaanza kusimulia habari za zamu za usiku, nyuma ya bega langu la kushoto, nami nikageuza kiti.