Sauti Ipitayo na Sauti Ingojayo: Maoni juu ya Podikasti, kwa Kuangalia Makanyagio ya Mpanda

Neno "podikasti" ni geni katika Kiswahili, na hata huko lilikotoka ni changa. Lilitokea gazetini Uingereza mwaka 2004, katika makala ya Ben Hammersley, aliyekuwa akilitafutia jina jambo jipya: kipindi kisichongoja saa ya kurushwa hewani, ila huwekwa katika intaneti, na kila atakaye hukichukua na kukisikiliza kwa wakati wake. Lakini tunalotaka kulichungua hapa si jina. Twauliza kama jambo lenyewe ni geni kwetu, na kama laifaa lugha yetu.

Na tuliangalie kutoka Makanyagio, kata ya mji wa Mpanda, mkoani Katavi. Mji huu u mbali na Dar es Salaam zaidi ya kilomita 1,000 kwa reli, na reli yenyewe ni tawi litokalo Kaliua, lililojengwa kwa ajili ya madini ya risasi. Wakazi wake wajua maana ya kungoja gari moshi: halimfuati abiria, abiria ndiye alifuataye, na akichelewa limekwenda. Redio nayo ilikuwa vivyo hivyo. Tangu Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1951, hata ikawa Radio Tanzania mwaka 1965, kila kipindi kilipita kwa saa yake. Aliyekuwa shambani alikikosa, akasimuliwa na jirani. Sauti ya namna hii twaweza kuiita sauti ipitayo. Ya podikasti ni sauti ingojayo.

Hata hivyo, sauti ingojayo haikuanza jana. Siti binti Saad alisafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika santuri, na tangu hapo msikilizaji wa Unguja au Mombasa aliweza kumwita mwimbaji saa aitakayo. Baada ya santuri zikaja kaseti za taarabu na mawaidha, kisha kadi za simu, ambazo vijana walizipeleka vibandani wakajaziwa nyimbo. Kwa hiyo kungoja si jambo jipya. Kilicho kipya ni mlango: zamani aliyetaka sauti yake ihifadhiwe na kuenezwa alihitaji kampuni ya santuri au idhini ya kituo, leo simu moja na chumba kimya vyaweza kutosha.

Je, walioingia kwa mlango huo wanasema vipi? Hapa hapana budi kusema kweli. Mtambaji wetu wa hadithi haanzi mpaka aseme "Paukwa!" na kujibiwa "Pakawa!" Jibu lile si pambo, ni ahadi ya wasikilizaji kwamba wapo, nao wanaweza kumkatiza akipotea. Redio iliwanyima wasikilizaji jibu, lakini iliwaacha wameketi pamoja, wakibishana juu ya walichosikia. Podikasti huondoa vyote viwili: hunena na sikio moja, pengine la mtu atembeaye peke yake. Msemaji asiyejibiwa wala kukatizwa angepaswa kujiandaa zaidi kuliko mtambaji. Mara nyingi twakuta kinyume chake. Salamu huchukua dakika kumi. Wasemaji huchekeana wenyewe kwa wenyewe. Kiingereza hutiwa pasipo haja, na urefu hudhaniwa kuwa ndio kina. Studio ya zamani ilimbana msemaji kwa saa, na kubanwa kule kulimfundisha kuchagua maneno.

Wala uhuru wenyewe si kosa. Katika mazungumzo ya Salama Jabir yaitwayo Salama Na, mgeni hupewa nafasi ya kuyafikia mawazo yake hatua kwa hatua, jambo ambalo taarifa ya dakika mbili haiwezi kulifanya. Nafasi ni njema ikiwa mwenye kuitumia anajua anakokwenda.

Faida ya nafasi hiyo ingekuwa kubwa zaidi Katavi. Huko Wapimbwe, Wabende na Wakonongo wanakaa pamoja na Wasukuma waliohamia, na watu waliokimbia Burundi mwaka 1972 wakapewa makazi Katumba na Mishamo. Kiswahili chao kina lafudhi na misamiati ambayo redio ya taifa haikuwa na nafasi ya kuisikiliza. Vizuizi vipo. Saa moja ya maneno, ikitiwa kwa kiasi cha kilobiti 64 kwa sekunde, ni megabaiti 29 hivi, na msikilizaji ndiye anunuaye kifurushi; redio haimdai kitu kwa kila kipindi. Mtoaji naye alikutana na kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, zilizomtaka awe na leseni ya kulipia. Zimepitiwa upya tangu hapo, lakini zilikwisha kuonyesha kwamba hata mlango ulio wazi una bawabu.

Hofu yetu kubwa, hata hivyo, ni nyingine. Santuri za Siti zimefika mikononi mwetu kwa sababu zilikuwa vitu, zikakaa katika makabati ya watu wengi. Podikasti hukaa katika mashine ya kampuni iliyo mbali. Ada isipolipwa, au kampuni ikibadili nia, sauti hutoweka bila kishindo. Sheria ya maktaba ya mwaka 1975 yadai nakala ya kitabu kichapwacho nchini. Simulizi ya mzee wa Makanyagio, iliyotiwa na mjukuu wake katika simu, haina kabati.

Yafaa basi vyuo vyetu vya uchunguzi wa Kiswahili vianze kupokea nakala za sauti hizi, pamoja na jina la mahali, mwaka na lugha ya msemaji, kama vilivyopokea miswada ya tenzi. Tusingoje mpaka ziwe bora. Wakusanyaji wa zamani hawakuchagua tenzi nzuri peke yake, na kwa hiyo leo tunaweza kuhukumu. Sauti ingojayo yaweza kumngoja msikilizaji ikiwa tu kuna aiwekaye.